NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Mtu asimamaye siku ya Jumapili kando ya barabara itokayo Nansio kwenda Kagunguli huona jambo la kupendeza. Familia nzima nzima hupita zimevaa nguo safi, wengine kwa miguu, wengine wamepakiana juu ya baiskeli na pikipiki, wote wakielekea kanisani. Makanisa hujaa, kwaya huimba, sadaka hutolewa, na matangazo ya ndoa husomwa. Hapana awezaye kusema kwamba imani Katoliki ni ngeni katika visiwa vyetu vya Ukerewe. Imekwisha kuwa imani ya babu na bibi zetu.

Lakini wahenga walituachia usemi kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo tungependa kuwaomba wasomaji wetu, na hasa viongozi wa Serikali na wa parokia, wauvuke pamoja nasi mlango huo wa Jumapili, tuingie nyumbani siku ya Jumatatu. Swali letu ni moja. Imani ya mtu inapozidi kukomaa, ni nani hapo nyumbani apaswaye kuwa wa kwanza kuona nafuu? Sisi twasema ni yule aliye mnyonge kuliko wote: mke asiye na mtoto, mke wa pili, mjane, yatima. Ikiwa yeye haoni nafuu yoyote, basi kilichokua ni mazoea ya kwenda kanisani, wala si imani.

Gazeti hili si mimbari. Miongoni mwa wasomaji wetu wamo Waislamu, Wasabato, Walutheri, walokole na wanaoshika dini za mababu. Serikali nayo haina dini, ingawa wananchi wake wanazo. Hata hivyo, magomvi ya ndoa, mashamba ya wajane na watoto waliokosa karo hayaishii sakristia. Huishia mezani kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa Mtendaji wa Kata, na hatimaye mahakamani. Kwa hiyo yale imani inayoyatenda au inayoshindwa kuyatenda ndani ya nyumba ni mambo ya umma, na tunayo haki ya kuyazungumza kwa heshima na bila kificho.

MKE ASIYE NA MTOTO

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kisiwa hiki kilimzaa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Alikuwa mtu wa ukoo wa kitemi, akalelewa na kusomeshwa na Mapadre Weupe katika misheni ya Kagunguli, kisha akasoma katika seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Wengi wanamkumbuka kwa kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambacho kilichapwa kwa Kiswahili mwishoni kabisa mwa maisha yake, naye akafariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi.

Wachache zaidi wanakumbuka jinsi alivyoishi nyumbani mwake. Yeye na mkewe, Bibi Anna, walijaliwa watoto, lakini watoto hao hawakuishi. Mwenye kujua visiwa hivi anajua maana ya msiba huo kwa mtu wa ukoo mkubwa. Mwanamume asiye na mtoto huambiwa kwamba jina lake litafutika. Ndugu humjia jioni kwa sauti ya upole na kumnong'oneza kwamba nchi haijaisha wanawake. Kwa mila za wakati ule, kuoa mke wa pili kusingemletea aibu yoyote. Watu wangeona amefanya la busara. Kitereza hakufanya hivyo. Alibaki na mke wake mmoja mpaka uzee, katika umaskini na maradhi.

Tunasimulia habari hii kwa sababu inaonyesha kwa uwazi badiliko ambalo imani iliyozama inaleta katika unyumba. Mila yetu ilimheshimu mke, lakini mara nyingi heshima hiyo ilikuwa na sharti: azae. Imani ya Kitereza ililiondoa sharti lile. Ilimwambia kwamba mwanamke aliyesimama naye mbele ya altare ni mke wake kamili, awe na mtoto mgongoni au asiwe naye. Badiliko hilo halionekani kwa mpita njia. Halina kwaya wala vifijo. Bibi Anna ndiye aliyeliona kila asubuhi.

Hata hivyo tusije tukawadharau wazee wetu kwa kudhani kwamba imani ilikuta kisiwa kitupu. Kitereza mwenyewe hakutaka tufikiri hivyo. Myombekere na Bugonoka wa kitabu chake ni watu wa zamani, kabla ya misheni. Mke anatukanwa na ndugu za mumewe kwa kukosa mtoto, wazazi wake wanamrudisha kwao, na mume anamfuata kwa unyenyekevu, anakubali kutozwa mitungi sita ya pombe ya ndizi, anahangaika kuitafuta mpaka anaipata, ili tu mkewe arudi. Upendo huo ulikuwa wetu. Imani iliukuta, ikaupa mizizi ya kushika hata pale ambapo dawa ya mganga imeshindwa na mtoto hakupatikana.

Leo hii, bado tunasikia habari za wanawake waliofukuzwa kwa kukosa mtoto, na wanaofukuza ni watu waliobatizwa. Baadhi yao wana rozari mfukoni. Kwa hao twasema kwa masikitiko: mmeupenda mlango, nyumba bado hamjaiingia.

FEDHA YA MWALO NA CHAKULA CHA JIONI

Maisha ya kila siku katika visiwa vyetu yanakwenda kwa kufuata mwezi. Siku za giza, wavuvi wa dagaa hulala ziwani na taa zao. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi hupumzika mwaloni, na mvuvi hurudi nyumbani akiwa na fedha na muda. Yeyote aliyekulia hapa anajua kwamba siku hizo ndizo zinazopima familia. Fedha ile ile yaweza kufika jikoni na shuleni, au yaweza kuishia kwenye gongo na kwa rafiki wa kambini ambaye mke hajui hata jina lake.

Hapa ndipo tunapoona kazi ya kimya ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lisijengwe parokiani tu, bali katika nyumba za majirani wachache wanaokutana kila wiki, wakisoma Injili, wakisali na kuulizana hali. Uamuzi huo uliwafaa sana watu wa visiwani, ambao padre huwafikia kwa mtumbwi na kwa nadra. Mahali ambapo jumuiya ni hai, mgonjwa hutembelewa, mjane hulimiwa, na mvuvi aliyepotelea kambini hufuatwa na wenzake wa rika lake kabla hajafuatwa na polisi.

Badiliko hilo huanza kwa mambo madogo. Baba aliyezoea kula peke yake barazani huanza kuketi na watoto kwa sababu sala ya jioni imewakusanya mahali pamoja. Akishaketi, huwasikia. Akishawasikia, hugundua kwamba binti yake hana daftari. Mume anayesali kila siku kuomba asamehewe deni zake huona haya kukaa wiki mbili bila kusema na mkewe kwa sababu ya neno moja. Mwanamume anayehesabu fedha yake mbele ya mke si lazima awe ametishwa na mtu. Huenda ameanza tu kuelewa kwamba ile ahadi aliyoitoa kanisani ilihusu na mfuko wake pia. Watoto huona hayo yote. Hujifunza dini kwa kumwona baba akiomba radhi kuliko kwa kumsikia akihimiza ibada.

Hata hivyo, tusijidanganye. Bidii ya dini yaweza pia kuvuruga nyumba. Wako akina mama ambao wiki yao yote ni mikesha, novena na semina, huku watoto wakilala bila uji na mume akibaki kama mgeni. Wako akina baba ambao ni wenyekiti wa kila kamati ya parokia, wenye sauti ya upole kanisani, na ambao wakibisha hodi nyumbani kila mtu hunyamaza kwa hofu. Bidii ya namna hii ni kama mtumbwi uliopakwa rangi nzuri juu huku chini unavuja. Mwenye nao asishangae ukizama.

Na liko kosa moja zito zaidi, ambalo hatuna budi kulitaja. Baadhi ya watu hutumia maneno ya dini kumfunga mwanamke anayepigwa. Huambiwa avumilie, abebe msalaba wake, amtii mumewe, asiiaibishe familia ya Kikristo. Huo si mafundisho ya Kanisa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo katika familia wa mwaka 2016, alieleza kwamba kuna nyakati ambapo kutengana huwa jambo la lazima kimaadili, ili kumwokoa mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo na ukatili. Wala si sheria ya nchi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba, hata kama mila yaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mume au mke wake kwa kumpiga. Imani na sheria zinakubaliana. Wasiokubaliana nazo ni wale wapigaji na wale wanaowafunika.

FUNDO LA MKE WA PILI

Sasa tufike kwenye fundo gumu, ambalo viongozi wengi hupendelea kulipita pembeni.

Watu wa pwani hii ya ziwa wamejua ndoa ya wake wengi kwa karne nyingi. Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Butiama. Mtemi Nyerere Burito alikuwa na wake 22. Mwanawe Julius, aliyezaliwa na Bibi Mgaya, mke wa tano, alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1953 akafunga ndoa na Mama Maria, mke mmoja wa maisha yake yote. Katika kizazi kimoja tu, nyumba ile ilikuwa imebadilika kabisa. Lakini tuangalie vizuri jinsi ilivyobadilika: mwana aliianza njia mpya katika ndoa yake mwenyewe, na heshima yake kwa mama yake haikupungua hata chembe kwa kuwa mama huyo alikuwa mmoja kati ya wengi.

Badiliko la namna hiyo halimuumizi mtu. Fundo linakuja pale ambapo imani inamkuta mtu ambaye tayari anao wake wawili au watatu. Tumfikirie mzee wa umri wa miaka 60, mkulima wa mihogo na mwenye mtumbwi. Mke wa kwanza amezaa naye watoto watano, wa pili watatu. Mzee anaguswa na Injili, anahudhuria mafundisho, anaomba ubatizo. Kanisa linamwambia kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja. Mzee anakubali. Siku ya ubatizo kuna shangwe, na ng'ombe anachinjwa. Je, yule mke aliyeachwa yuko wapi siku hiyo? Amepewa shamba gani? Watoto wake watatu wanalala kwa nani?

Hatusemi kwamba Kanisa limekosea kufundisha ndoa ya mke mmoja. Ni juu ya Kanisa kufundisha inachoamini, na tumekwisha kuonyesha jinsi mafundisho hayo yalivyomkinga Bibi Anna. Tunachosema ni kwamba mafundisho hayo yana nusu ya pili, na nusu hiyo husahauliwa. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983, katika kanuni ya 1148, inaruhusu mtu wa namna hii abaki na mmoja wa wake zake, lakini inamwagiza Askofu ahakikishe kwamba mahitaji ya mke wa kwanza na ya wengine walioachwa yanatoshelezwa, kwa kufuata haki, upendo wa Kikristo na usawa, na kwa kuzingatia hali ya mahali na ya watu wenyewe. Agizo hilo limeandikwa kwa lugha nyepesi. Katekista yeyote aweza kuelezwa akalielewa.

Kwa hiyo, mzee anayeutafuta ubatizo kwa kumtoa mke wa pili nje mikono mitupu hajaifuata sheria ya Kanisa lake. Ameifuata nusu iliyo rahisi kwake. Mwanamke yule hakujiingiza nyumbani kwa wizi. Aliposwa, mahari ikatolewa, akalima, akazaa, akauguza. Mbele ya mila ni mke. Mbele ya Serikali pia ni mke, maana Sheria ya Ndoa inazitambua ndoa za mke mmoja na za wake wengi. Mahakama ya Rufani nayo ilikubali tangu mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika kuchuma mali ya familia. Jasho lake limo ndani ya nyumba ile, ndani ya mtumbwi ule, na ndani ya shamba lile. Ubatizo wa mume haulikaushi jasho hilo.

Liko pia fundo la upande wa pili, nalo lina aibu zaidi. Wako Wakristo waliofunga ndoa kanisani, kisha wakaongeza mke kambini au ng'ambo, wakidai kwamba Mwafrika haachi asili yake. Hawa wajue kwamba sheria haiko pamoja nao. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi, maadamu wote wawili wangali Wakristo. Mwanamke anayedanganywa kambini kuwa ameolewa anaingizwa katika ndoa ambayo sheria haiitambui, na siku ya msiba atakuwa hana pa kushika. Mwanamume huyo amewadhulumu wawili kwa wakati mmoja, na imani yake haiwezi kumpamba.

SIKU YA MSIBA

Tumetaja msiba, na sisi watu wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa maana yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Makaburi yaliyopo Bwisya yanatosha kuwa ushuhuda. Tulilia pamoja, Wakristo na Waislamu. Lakini matanga yanapokwisha, katika kila msiba wa ziwani, mkubwa au mdogo, huanza swali jingine ambalo halisemwi kwa sauti kubwa: nani ni mke, nani ni mtoto, na shamba ni la nani?

Visiwa vyetu ni vidogo na watu ni wengi. Ukara inajulikana tangu zamani kwa jinsi wakulima wake wanavyolitunza kila shubiri ya ardhi kwa samadi na matuta, kwa kuwa hakuna nyingine ya kuhamia. Mahali penye uhaba wa namna hiyo, mjane huwa hatarini. Shemeji hupima shamba kwa macho kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mjane huambiwa achague: arithiwe pamoja na mali, au aondoke bila mali.

Ni kweli kwamba Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu katika urithi pale ambapo marehemu ameacha watu wa ukoo wake, likimwambia kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba kumtoa mjane ni halali. Lakini sheria hazikuishia hapo. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinampa mjane uhuru wa kukaa atakapo, wa kubaki bila kuolewa au wa kuolewa na mtu amchaguaye mwenyewe, hata kama mila yasema vinginevyo. Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua mwaka 1990 kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazikataa mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi.

Sheria hizi zipo kwenye makabati. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusimama kwenye kikao cha ukoo na kusema hapana. Hapo ndipo imani inapoitwa. Shemeji Mkristo aliyekomaa ndiye awezaye kuwaambia ndugu zake: huyu ni mke wa marehemu kaka yetu, shamba hili amelilima yeye, hapana mtu atakayemgusa. Akisema hivyo atachukiwa na ndugu zake, na pengine atakosa sehemu yake. Lakini mtu mmoja wa namna hiyo katika ukoo ana faida kubwa kuliko mafundisho ya mwaka mzima.

TUNALOLIOMBA

Tukiisha kusema hayo, tunayo maombi machache ambayo hayahitaji bajeti mpya.

Kwa mapadre na makatekista: mtu mwenye wake zaidi ya mmoja anapoomba ubatizo, mafundisho yake yasianzie kwenye sala peke yake. Yaanze na daftari. Iandikwe ni shamba gani na nyumba gani ni ya mke anayeachwa, ni nani atalipia shule za watoto wake, na kwa muda gani. Maandishi hayo yashuhudiwe na jumuiya na mwenyekiti wa kitongoji. Maji ya ubatizo yafuate baadaye. Wala mwanamke yule asifungiwe mlango wa Kanisa kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Kadhalika, vyama vya akina mama na vya akina baba vya parokia vijizoeze kuwatembelea wanawake wasio na watoto na wajane, hasa katika mwezi ule wa kwanza baada ya mazishi, wakati mashamba yanapopimwa kwa macho.

Kwa Watendaji wa Kata na wa Vijiji: Sheria ya Ndoa inataka mgogoro wa ndoa usuluhishwe kwanza katika bodi ya usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufikishwa mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu, na sheria hiyo hiyo inaruhusu jumuiya za dini kuwa na bodi zao. Tunawaomba msizifanye bodi hizo mahali pa kugonga mihuri. Mketi pamoja na viongozi wa dini wa kata zenu, Wakristo na Waislamu, mkubaliane ni nani anasuluhisha nini, na mwanamke aliyevuka maji kuja kulalamika asirudishwe mara tatu kwa sababu karatasi haipo. Aidha, wahimizeni wananchi waandikishe ndoa na vizazi, na huduma hiyo ivifuate visiwa vya mbali na kambi za wavuvi, badala ya kungoja watu wapoteze siku mbili za kazi kuja Nansio. Cheti ni karatasi ndogo, lakini siku ya msiba ndicho kinachozungumza wakati mjane analia.

Kwa wakuu wa familia: hatuna la kuwafundisha ambalo hamlijui. Mnajua ni nani nyumbani mwenu anayekula mwisho. Mnajua ni nani anayenyamaza mnapoingia. Anzeni na huyo. Kama mna sala ya jioni, iwe fupi, na baada yake muulize huyo habari za siku yake, kisha msikilize mpaka amalize.

Imani Katoliki imekaa ziwani humu kwa zaidi ya miaka 100. Imejenga shule, zahanati na makanisa ambayo hata wasio Wakatoliki wanajivunia. Majengo hayo ni mazuri, na tunayashukuru. Lakini kwa maoni yetu, jengo imara kuliko yote lililowahi kusimamishwa na imani hiyo katika kisiwa hiki lilikuwa ni nyumba ya mtu na mkewe wasio na mtoto aliye hai, ambao majirani waliwahurumia, na ambao hawakuachana. Nyumba za namna hiyo zikiongezeka, Mtendaji wa Kata atakuwa na mafaili machache zaidi mezani, na mjane ataweza kulala bila kuhesabu hatua za mtu anayepita nje ya mlango wake.